Kitabu cha Kupigiwa Picha

Nikinusa dawa ya mende, ile ya vidonge vyeupe, hasira hunipanda mpaka leo. Ndivyo lilivyonuka kabati la ofisi ya mwalimu mkuu shuleni kwetu Mwabungo. Humo mlifungiwa vitabu vya watoto vya anga na mvua tulivyoletewa na wageni wa hoteli za Diani.

Wageni wakija tu, vitabu vilitolewa. Tulinawishwa mikono, tukakalishwa barazani, kila mmoja na kitabu wazi mapajani. Changu kilikuwa na mwezi mkubwa na swali moja chini yake: kwa nini mwezi hutufuata tunapotembea? Swali hilo nilikuwa nalo tangu nabebwa mgongoni. Jibu lilikuwa nyuma ya ukurasa.

"Mwalimu, nifunue?"

"Thubutu! Utakichafua. Hebu tabasamu, wageni wanapiga picha."

Wakiondoka, kufuli. Nilimaliza shule nikishika ukurasa uleule, nikitabasamu kama mjinga.

Juzi nilikwenda kumwandikisha mwanangu shuleni hapo. Kabati bado lipo! Nikamwomba mwalimu mkuu wa sasa anifungulie, naye akafungua. Harufu ikanipiga usoni. Kitabu changu kilikuwa palepale, jalada likimeremeta. Nikafunua ule ukurasa.

Udongo ukanimwagikia miguuni. Mchwa walikuwa wamelila jibu lote.

"Mama, kimeandikwa nini?" mwanangu akauliza.

Kufuli lile lilituzuia sisi tu.