Saa Aliyoitaja Ngoie

Siku yangu ya kwanza materinite, wodi ya kujifungulia, hapa Kamina, Titulaire, yaani mkubwa wa wakunga, alinivua glavu mikononi. Mama mmoja alikuwa amefika, mimba imetimia, chupa ya maji imepasuka, uchungu bado. Nami nilitaka kumpima palepale.

"We! Acha vidole!" alinifokea. "Uliza kwanza maji iliachika saa ngapi. Angalia rangi, nusa, pima joto, sikiliza roho ya mutoto inapiga namna gani. Kila kidole njo inapandisha uchafu."

Nilifanya hivyo hata nilipohamishiwa Bukama, nikarudi na desturi hiyo Kamina. Yakipita masaa kumi na manane tangu maji yatoke, mama anapewa dawa ya kuzuia maambukizi. Ikipita siku nzima, tunauanzisha uchungu kwa serum, dripu ya mshipani.

Halafu akaja Daktari Mkuu na amri yake: masaa yahesabiwe tangu mama alipoingia mlangoni! Alitaka masaa yawe machache, ripoti zake zionekane safi kwa wakubwa huko juu. Upuuzi mtupu.

Ngoie, mke wa mtu wa reli, alishuka treni ya kutoka Bukama, akatufikia saa tatu asubuhi. "Mama, maji iliachika jana asubui, mu train," akaniambia. Nikampelekea Daktari Mkuu habari hiyo.

"Ya mu train aiko yetu. Andika saa tatu ya leo."

Nikaandika. Kisha wanafunzi watano wakampima, mmoja baada ya mwingine, naye bwana mkubwa amesimama pale anawafundisha! Jioni Ngoie akapandwa na homa. Dawa ilichelewa. Mtoto wake wa kiume aliishi siku mbili.

Ninyi wasichana mnaosomea ukunga, sikieni kilichofuata. Kwetu mtoto akifa hivyo, wakwe husema ni uzinzi wa mama uliomuua, wakambana ataje mwanaume aliyetembea naye. Walimkalisha Ngoie chini aungame uzinzi ambao hakuufanya. Mume akamrudisha kwao. Yote niliyasikia, nikanyamaza, naogopa kufukuzwa. Nilijichukia, na bado najichukia.

Sasa nimestaafu, simwogopi mtu. Wiki iliyopita nilikwenda kwa mama mkwe wake, nikasema mbele ya majirani: "Ngoie hana kosa. Sisi bantu ba materinite njo tuliua ule mutoto. Minyi niliandika saa ya uongo."

Yule bibi aliendelea kuchambua sombe yake, majani ya muhogo, kisha akaniuliza taratibu: "Sasa unakuya leo kufanya nini, mama? Bwana yake alishaoa mwingine. Beko na batoto batatu."