Ukuta wa Chumba cha Mama

Walisema sitarudi, nikarudi. Walisema nikirudi nitarudi mikono mitupu, nikarudi kutoka Nairobi na diploma ya ufundi wa mabomba yenye muhuri mwekundu, na sanduku la spana ambalo wanaume wawili walilishusha kwa shida kutoka juu ya basi. Wakabaki na neno moja la mwisho: kwamba maji ndani ya nyumba sitayaweza.

Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyelisema kwa sauti, barazani kwake, mbele ya watu.

"Maji ya Kisarawe hupanda kilima juu ya kichwa cha mwanamke, tangu enzi za babu zetu. Karatasi haichoti maji, mpwa wangu."

Nilimjibu kwa kazi. Nyumba aliyotuachia marehemu baba ilikuwa ya miti na udongo. Niliiezeka mabati, nikafunga milizamu ya kukinga maji ya mvua kutoka paani, nikajenga tangi la matofali na saruji nyuma ya nyumba, mahali palipoinuka. Kutoka tangini nikazika bomba, nikalipandisha ndani ya ukuta wa chumba cha mama, koki ikatokeza uani, hatua tatu kutoka mlango wake. Mama alikuwa ameanguka akitoka kisimani nilipokuwa ugenini, akaumia nyonga, na tangu hapo alitembea kwa kuushika ukuta. Maji yale yalikuwa yake.

Katika nyumba za wakubwa kule Nairobi sikuona hata moja iliyoacha bomba lake nje. Nami sikutaka kuonyesha matumbo ya nyumba yangu. Nilifukia bomba ukutani, nikapiga lipu ya saruji juu ya udongo, kisha chokaa. Mbali na boma la DC, sikujua nyumba nyingine katika wilaya iliyong'aa vile. Masika ile tangi lilijaa hadi mdomo. Watu walikuja kufungua koki na kuifunga, kuifungua na kuifunga. Mjomba alikuja pia, akanawa mikono, akajifuta kwa kanzu, akaondoka.

Kiangazi kilipoingia nilichora mstari wa mkaa ndani ya tangi, usawa wa maji, kama tulivyofundishwa. Asubuhi ya pili maji yalikuwa chini ya mstari kwa upana wa vidole vinne. Mke wangu hakuwa amechota zaidi ya ndoo mbili. Nikachora mstari mwingine, nikakataza watu wote koki. Maji yakashuka tena.

Nilijiambia ni jua. Nikafunika tangi kwa bati, yakashuka. Nilijiambia ni mwizi. Nikatia kufuli, yakashuka. Nililipapasa tangi pande zote kwa kiganja, na lilikuwa kavu kama jiwe la jikoni. Hapo ndipo hofu iliponiingia. Maji hayapotei. Kama hayakuwa tangini wala kwenye ndoo, yalikuwa mahali fulani ndani ya nyumba yangu, na mimi, mwenye diploma, sikujua ni wapi.

Sikumwambia mtu. Mke wangu alianza kuazima maji kwa majirani, akiwaambia kwamba tangi linasafishwa.

"Linasafishwa mpaka lini?" aliniuliza.

"Mpaka litakate."

Akachukua mtungi wake akaenda.

Wiki ile ile akaja mtani wangu, Mnyamwezi mkata mkonge wa shamba moja la upande wa Mlandizi. Sisi Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani haombi ruhusa. Aliingia uani akavua viatu, akapita kando ya ukuta wa mama, akasimama. Akakanyaga, akakanyaga tena.

"Mtani, nyumba yako inakojoa."

"Funga mdomo wako."

"Naufunga. Nawe ifunge nyumba yako." Akacheka hadi akakaa chini.

Alipoondoka nilipiga magoti pale alipokanyaga. Ardhi ilikuwa ya baridi. Juu yake ukuta ulikuwa mweupe, mkavu, mzuri. Niliugonga kwa kifundo cha kidole. Juu ulijibu mlio mkavu. Chini ulijibu kama mtu anayegonga gunia la unga. Nikaelewa. Ukuta mtupu wa udongo ukilowa hubadilika rangi, hupasuka, humwonya mwenyewe. Wangu nilikuwa nimeuvika saruji. Maji yalikuwa ndani, hayana pa kutokea, yanaupika udongo taratibu nyuma ya ngozi nyeupe niliyoipaka kwa mikono yangu.

Nikiwa mtoto, shangazi yangu aliangukiwa na ukuta wa jiko wakati wa masika. Ulishuka wote mara moja, bila kelele kubwa, kama mtu anayekaa chini baada ya kuchoka. Nilikuwa miongoni mwa waliofukua kwa mikono. Na sasa kitanda cha mama kilikuwa kimeegemea ukuta wangu.

Niliingia kwake. "Shikamoo mama. Leo utahamia chumba cha mbele."

"Marahaba. Kwa nini?"

"Huku kuna joto."

"Ukuta huu una baridi mwezi mzima, nawe unaniambia joto." Alikuwa anajua. "Nikihama, watu wataniuliza. Niwaambie nini? Kwamba nyumba ya mwanangu imenishinda? Mjomba wako anangoja hilo tu. Sihami."

Nilimsihi. Alikataa. Alikuwa anailinda sifa yangu kwa mbavu zake mwenyewe, na mimi ndiye niliyemfundisha, kwa majivuno yangu ya kila siku, kwamba sifa ile ilistahili kulindwa. Kuanzia hapo kila aliponyoosha mkono kuushika ukuta ili ainuke, nilisimama karibu naye mpaka aachie.

Ilinibidi nijue mahali penyewe. Kupiga nyundo ovyo kungeuangusha. Ilibidi niyasikilize maji yenyewe, na kilichonizuia ni kelele: vinu vya jirani vilitwanga kutwa nzima. Nikangoja Ijumaa, wakati wanaume wako msikitini na wanawake wameweka michi chini. Namwomba Mungu anisamehe Ijumaa ile. Nilichukua ufito mkavu, ncha moja nikaigusisha ukutani, nyingine nikaibana kwa meno, nikaziba masikio kwa vidole. Nilisogea shibiri kwa shibiri. Kwa muda mrefu nilisikia damu yangu tu. Kisha, karibu na sakafu, mahali bomba lilipokunja kona kupanda juu, nikasikia sauti nyembamba, kama mtu anayevuta pumzi kupitia meno na haimalizi. Ilikuwa upande wa kichwa cha kitanda.

Nikafunga koki ya pale tangini, ile inayozuia maji kuingia bombani. Nilipaswa kufanya hivyo siku ya kwanza, lakini kufunga kungekuwa kukiri.

Ukuta ule usingefunguliwa bila kuinua paa kwa nguzo, na nguzo hazisimamishwi na mtu mmoja. Nilikwenda barazani kwa mjomba watu wakitoka msikitini. Nilikuwa naogopa nyuso zile kuliko nilivyoogopa mtihani wangu wa Nairobi.

"Shikamoo mjomba. Ukuta wa mama umelowa. Utaanguka. Naomba watu na nguzo."

Nilingoja kicheko. Mjomba alikuwa amekwisha simama. "Dada yangu yuko wapi?"

"Ndani."

"Ndani!" Alikimbia, mzee yule, pindo la kanzu mkononi.

Alimbeba mama mwenyewe. Mama alimwambia, "Niweke chini, mimi sihami," naye akamjibu, "Nyamaza, mwanamke, toka utotoni hunyamazi." Tulitoa kitanda, tukasimamisha nguzo sita chini ya boriti. Kisha nikagonga lipu mara moja tu. Ubao mzima wa saruji ulidondoka, na nyuma yake udongo ukatiririka sakafuni kama uji. Fito zilikuwa zimeoza, nyingine zimekuwa mchwa watupu. Ukuta ulishuka hadi usawa wa kiuno, juu ya mahali kilipokuwa kitanda. Paa lililia, likakaa juu ya nguzo. Mjomba alinishika mkono.

Nilifungua kiungo cha kona. Tulifundishwa kuzungushia meno ya bomba nyuzi laini zilizopakwa rangi nzito. Mimi, kwa haraka ya kumaliza kabla ya Maulidi, nilizungushia katani kavu ya shambani, kwa maana huku kwetu katani hufunga kila kitu, kuanzia mbuzi hadi mapaa. Ilikuwa imeoza, nyeusi, inanuka.

Mtani wangu, aliyekuja na nguzo begani, aliinusa. "Hii si katani niliyokupa mimi? Nilikupa ufungie kuku!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka.

Nilitengeneza upya ipasavyo. Lakini kiungo hakiaminiki mpaka kibebe maji, na tangi lilikuwa tupu. Sikuomba. Asubuhi iliyofuata wanawake walipanda kilima na madebe, nyumba baada ya nyumba, kiangazi kile ambacho kisima kilitoa matope. Mjomba alileta la kwake mwenyewe, kichwani, mbele ya watu wote. Nilichora mstari wa mkaa. Siku tatu nilikaa chini ya lile tangi. Mstari haukuachwa mkavu hata kwa unene wa kucha, na siku ya nne mama akarudi chumbani kwake, kwenye ukuta mpya wa udongo mtupu.

Vuli iliponyesha, tangi likafurika. Kuanzia alfajiri nilibeba madebe begani, nyumba hadi nyumba, kila aliyenikopesha nikamrudishia, nami niliyabeba mwenyewe, mwenye diploma wa kwanza wa kilima kile. Mjomba nilimwacha wa mwisho. Alilizunguka debe, akapitisha kidole chini yake.

"Halivuji," alisema. "Kesho njoo na spana zako, unipimie bomba kwangu."

"Nitakuja, mjomba. Lakini bomba litapita nje ya ukuta."

Alimwaga debe langu ndani ya mtungi wake, hadi tone la mwisho, akanirudishia.