Weupe wa Unga wa Kalunguta

Kavuo, jirani yangu hapa Mususa, si mwanamke wa makuu. Anauza maharage, anaimba alto kanisani, na nyumba yake, yeye na mumewe Siméon waliijenga polepole, tofali kwa tofali, huku sisi majirani tukiwacheka. Ilipofika zamu ya rangi ya ndani, ndipo tulipomjua.

Alitaka nyeupe. Sasa, nyeupe ni nyeupe, nilidhani mimi mjinga. Kavuo akasema hapana. Ile ya dukani ina ubuluu, mvua ikinyesha sebule inakuwa baridi kama ya hospitali. Yeye alitaka weupe wa unga wa muhogo wa kwao Kalunguta, ule ambao marehemu mama yake aliuanika kwenye mkeka, jua la asubuhi likiupiga; hayo ya mkeka nilikuja kuyasikia baadaye.

Basi Éliakim, fundi rangi anayeimba naye kanisani, akawa anachanganya nyeupe na poda kidogo ya manjano kwa kipimo anachosema Kavuo, anapaka kipande ukutani, sahani ya unga inasogezwa pale pale, Kavuo analinganisha. Asubuhi na jioni. Na aliyeshika sahani ni Siméon! Nilimwona kwa macho yangu, mwanaume mzima wa biashara za mpakani Kasindi, amesimama na sahani ya unga, anacheka. Mwisho yeye mwenyewe akagusa kipande kimoja karibu na dirisha, akamwita mkewe kwa jina la mtoto wao.

"Ni hii, Mama Providence. Hii njo nyeupe ya mama yako."

Kavuo alilia kwa furaha. Siku ya kubariki nyumba ikapangwa, mchungaji akaalikwa pamoja na wakwe, na Siméon akaenda kuleta rangi. Akarudi mikono mitupu. Ndoo zimezuiliwa douane, kwa watu wa forodha, alisema, Kasindi kuna fujo. Kavuo akaomba Mungu afungue mpaka. Mpaka!

Njia ya mwongo ni fupi. Siméon alikuwa hodari wa kuanza uongo na mvivu wa kuumaliza. Juma lile lile Éliakim akapiga hodi, mimi nikiwa pale nachambua maharage.

"Mama Providence, unisamehe. Ile rangi blanc, nyeupe, inakataa kutoka sawa yako. Poda ulisema nitie kiasi gani?"

"Inakataa wapi?"

"Kule Beni, mama. Kwa nyumba yenu ingine. Papa Siméon alisema unajua. Na yule mama wa kule anasema anataka ile ile ya unga."

Éliakim alipouona uso wa Kavuo, akaelewa. Maskini, alitaka ardhi immeze. Kavuo hakupiga kelele. Alimweleza kipimo cha poda, pole pole, mpaka akakishika. Nilimkasirikia! Ningekuwa mimi, ningempa kipimo cha masizi.

Nilidhani ataahirisha baraka. Wapi. Jumapili wakwe wakafika, mchungaji akafika, Siméon katika suti. Kuta za saruji tupu, kijivu, na vile vipande vya majaribio vimetapakaa. Mzee Lusenge, baba mdogo wa Siméon, ndiye aliyeuliza.

"Kavuo, mwanangu, juu ya nini tunabariki nyumba haina rangi?"

Kavuo akachukua sahani ya unga, akaishika chini ya kile kipande karibu na dirisha.

"Rangi iko, papa. Ni hii nilichagua na bwana yangu. Kama munataka kuiona ukuta muzima, muende Beni. Siméon anajua mulango."

Mchungaji akafunga Biblia. Mzee Lusenge akamgeukia Siméon, na Siméon akatoka nje. Hakuna aliyegusa chakula.

Jioni, watu walipoondoka, nilibaki na Kavuo kuosha sahani. Nikamlaani yule mwanamke wa Beni kwa maneno ambayo siyaandiki hapa. Kavuo akanikataza.

"Acha, dada. Bwana kuwa na bibi ingine, nasikia bawanawake kila siku banalia juu ya hiyo, na miye nitalia. Lakini ule unga... nilimuelezea yeye peke yake namna mama alikuwa anauanika. Na yeye akaenda kumuambia mwengine."

Akamwaga maji, akaanza kukwangua kile kipande ukutani kwa kisu cha jikoni.