Sura ya Baba Nyuma ya Kalenda

Kama unataka kucheka, cheka sasa hivi umalize, kwa sababu nikianza sipendi kukatizwa. Haya yalinipata mimi mwenyewe, tena saa nane mchana, na pombe sijawahi kuionja.

Kiwanda cha nguo nilichofanyia kazi Morogoro mjini kilikuwa kinatafutiwa mwekezaji, nasi tukapunguzwa. Nikaacha chumba changu cha Mwembesongo, nikarudi mlimani kwa mama kulima karoti. Pale misheni palikuwa na sista aliyetufundisha kuchora, sisi wanawake wachache. Kila Alhamisi anatuambia: fumbeni macho, tafuteni siku moja ya utotoni, kumbukeni harufu zake na sauti zake, kisha mchore mlichokiona, si mlichosimuliwa.

Mimi nilikuwa na siku moja tu niliyoitaka. Baba alikufa nikiwa na miaka minne, na picha yake hatuna hata moja. Lakini nilimkumbuka vizuri: anatoka ndani na koti lake la kahawia, anachechemea, anawakaripia watu kwa kumaliza ugali, na uwanja mzima unacheka. Kipande hicho ndicho kilichokuwa baba yangu mzima, nami nilikitunza miaka yote.

Basi siku hiyo nimekaa peke yangu nyuma ya nyumba, nachora kwa mkaa nyuma ya kalenda ya zamani. Ukungu ukashuka, kama kawaida yake. Mara nikahisi mtu kasimama nyuma yangu. Mzee mfupi, ana sura ya upole, kashika ndewe ya sikio. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba. Hebu niambie, wewe ungemwogopa mtu aliyeitikia marahaba?

“Huyo nani?” akauliza.

“Marehemu baba yangu.”

Akasonya. “Huyo ni Kobelo.”

Kobelo alikuwa mtani wetu. Na kwetu mtani akija msibani ana ruhusa ya kuvaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke. Kumbe niliyemkumbuka siku zote hizo ni mtani, siku ya msiba wa baba!

“Nilichechemea wiki moja tu,” mzee akaendelea kwa uchungu, “nilijikata na jembe. Na ugali wa watu sijawahi kuusema. Mwanangu mwenyewe ananililia kwa sura ya Kobelo!”

Niamini, miguu ilitaka kukimbia, moyo ndio uliokataa. Nimemkosa maisha yangu yote, halafu leo nimkimbie? Nikachana ukurasa mwingine wa kalenda. “Kaa, baba.” Akaketi juu ya debe, na debe halikulia hata kidogo. Nikachora nyusi, kidevu, vidole sikioni. Alikuwa msumbufu, jamani! Kila kitu alitaka kiwe kweli tupu, hadi tulipofika puani.

“Punguza hiyo.”

“Lakini ndivyo ilivyo, baba.”

“Najua. Punguza.”

Nikapunguza. Nilipoinua macho, juu ya debe hapakuwa na mtu. Nililia kama mtoto.

Mama aliporudi kutoka shambani nilimpa karatasi. Tenga la karoti likamdondoka. Akaitazama weee. “Ndiye,” akasema. “Ila pua mbona ndogo?”

Nikamweleza yote, wala hakubisha. Alifuta mikono kwa kanga, akauliza taratibu, “Ameniulizia?”

Hakuwa amemuulizia. Tulihangaika na pua mpaka muda ukaisha.

“Ndiyo, mama,” nikasema. “Ndilo neno lake la kwanza.”

Mama alitabasamu wiki nzima. Picha ameitundika juu ya kitanda, anaisalimia kila asubuhi. Mimi ndiye sina raha. Ukungu ukishuka tu nafunga mlango, maana ikiwa alitoka kaburini kwa ajili ya mzaha wa Kobelo, kwa huu uongo wangu itakuwaje? Nakuonya wewe unayetaka kuchora wafu wako: waulize kwanza waliowajua. Wenyewe wanaangalia, na kazi nyingine hawana.

Ila siku akirudi kulalamika, nitamshika mkono nimpeleke kwa mama amuulizie kwanza. Ndipo anikaripie.