Mgeni wa Bibi

Wiki iliyopita nilirudi kijijini kwetu Wingwi nikaukuta mkungumanga wa Bibi umezaa, matunda yamepasuka, utando mwekundu unachungulia ndani.

Mche huo uliletwa kutoka Unguja nilipokuwa mtoto, na Bibi akauzungushia makuti. "Huyu mgeni," alituambia, "jua letu hajalizoea." Mwanawe, Ami Saidi, alicheka. "Mama, udongo huu wataka karafuu na muhogo tu."

Mimi nilijua mgeni hukirimiwa. Alasiri moja, Bibi akiwa kwenye mswala, nilichukua bakuli langu la mchuzi wa samaki changu, unanukia ndimu na bizari, nikaumimina wote shinani. "Karibu, usione haya," niliuambia.

Siku chache baadaye majani yakapukutika. Nililia, nikijua nimeua mgeni. Bibi alinusa udongo, akacheka hadi mtandio ukamwanguka, kisha akamwaga ndoo baada ya ndoo ya maji kuitoa ile chumvi ya mchuzi. "Hafi huyu," alisema. "Keshakula kwetu."

Safari hii nilimkuta Ami Saidi chini ya mti, anachimbua miche iliyojiotea kwa matunda ya mwaka jana, akaipande kwake.

"Nachukua wageni wa mama," alisema kwa haya.

"Hawa si wageni, Ami," nikamjibu. "Hawa wamezaliwa Wingwi."