Kosa Lililokwenda kwa Kiswahili

Nakumbuka Alhamisi moja, mwaka uliofuata kwisha kwa vita vikuu vya pili, nilipomwona mtu mzima wa makamo ya baba yangu akimvulia kofia mzungu ili aombe karatasi. Hakuomba likizo wala nyongeza ya mshahara. Karatasi tu. Keti hapo, mwanangu, nikueleze, maana nasikia unasomea habari na huko chuoni mnafundishwa mengi, ila hili sijui kama wamewafundisha.

Nilikuwa kijana wa Mtopanga, wazazi wangu watu wa Rabai, nimetoka shule ya misheni na kichwa kimejaa. Niliajiriwa katika ofisi ya habari ya serikali kule kisiwani Mombasa. Kazi ilikwenda hivi. Simu za maandishi zilitoka Nairobi kwa Kiingereza, zikafika kwa Bwana Mkubwa, yule mzungu niliyemtaja. Yeye alichagua za kutoka na za kuzuia, akagonga muhuri, kisha zikagawanywa mezani. Palikuwa na meza ya Kigujarati, ambako mwalimu mmoja wa Kihindi alitafuna tambuu asubuhi hadi jioni. Palikuwa na meza ya Kiarabu, ya sheikh mmoja mpole aliyechukia kuharakishwa. Na palikuwa na meza yetu ya Kiswahili, chini ya Mzee Yona wa Kisauni, na mimi msaidizi wake.

Gazeti la Kiingereza lilitoka kila siku. La Kigujarati na la Kiarabu, mara mbili kwa wiki. Letu sisi, lenye wasomaji wengi kuliko yote, lilitoka Jumatano basi, hadi Jumatano nyingine. Ukiuliza kwa nini, unaambiwa karatasi ni haba. Nami nikashangaa mbona uhaba wenyewe ulijua lugha ya kuanza nayo.

Lakini gazeti letu halikusomwa kwa macho peke yake. Palikuwa na wasomaji waliochaguliwa, mmoja kwenye kivuko cha Likoni, mmoja sokoni Kisauni, mmoja Chaani karibu na nyumba za watu wa reli. Hao walisimama wakasoma kwa sauti, watu wakazunguka. Nakala moja ilitosha kijiji kizima.

Sasa, Jumatano ya wiki hiyo tuliandika kwamba Jumamosi meli itatia nanga Kilindini ikiwa na askari wa Pwani wanaorudi kutoka vitani. Ndivyo simu ya Nairobi ilivyosema. Mwanangu, hujui habari ile ilivyopokelewa. Wapo waliokuwa hawajamwona mtoto wao tangu vita vianze. Kufikia jioni, upande wote wa bara wa Mombasa ulikuwa ukifagia nyua.

Alhamisi asubuhi ikaja simu nyingine. Kumradhi, ilisema, askari hao si wa Pwani. Ni wa Uganda, wanashuka Kilindini wapande treni waende kwao.

Bwana Mkubwa akaliweka sahihisho katika gazeti la Kiingereza la siku ile ile, mistari miwili chini ya bei ya katani. Meza ya Kigujarati na ya Kiarabu zingelitoa Ijumaa. Sisi zamu yetu ni Jumatano ijayo, meli imekwisha kuja na kuondoka. Hapo ndipo Mzee Yona alipovua kofia akaingia kuomba karatasi ya kuchapa tangazo moja dogo la Kiswahili.

"Karatasi hakuna," akasema Bwana Mkubwa. "Na wakifika bandarini si wataona wenyewe kuwa si watoto wao?"

"Bwana, kosa limekwenda kwa Kiswahili," Mzee Yona akamjibu. "Sahihisho litakaaje kwa Kiingereza?"

Mzungu yule hakuwa mtu mbaya, alikuwa mvivu wa kufikiri tu. Akakuna shingo, akasema hawezi kutoa karatasi ya serikali, lakini miguu ya Yona si mali ya serikali, aipeleke atakako baada ya kazi. Mzee Yona akashukuru kana kwamba amepewa shehena nzima ya karatasi.

Jioni ile akanishika mkono, twende Likoni. Nami nikanung'unika. Nilikuwa na mambo yangu, na kusema kweli niliona haya. Nikamwambia, "Mzee, kosa ni la Nairobi. Sisi tulitafsiri tu, tena tulitafsiri vizuri."

Akasimama palepale njiani. "Ukipakuliwa ugali una mchanga, utamtafuta aliyesaga?"

"Nitamwuliza aliyenipakulia."

"Basi ndiye wewe. Twende."

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Mimi niliuona mzigo ule mwepesi kwa sababu sikuwa na ndugu vitani. Mzee Yona naye hakuwa na ndugu huko, lakini aliubeba. Ndiyo maana mpaka leo namstahi.

Alikuwa na utaratibu wake. Alimtafuta msomaji wetu, akasimama naye mahali palepale habari iliposomwa, saa ileile watu wanapokusanyika. Hakujitetea. Alisema: "Jumatano tuliwaambia hivi. Tulikosea. Kweli ni hii. Na kuhusu watoto wenu, lini watarudi, hilo hatulijui." Kisha alisimama palepale akatukanwa mpaka wenyewe wakachoka.

Likoni walitucheka. "Serikali imemeza meli!" mtu mmoja akapiga kelele, na kivuko kizima kikaangua kicheko. Kesho yake asubuhi, kabla ya kazi, Kisauni hawakucheka. Bwana mmoja aliyekwisha kuchinja alitufuata mpaka mwisho wa soko akisema, "Nirudishieni mbuzi wangu roho yake, wallahi hamwondoki." Wengine hawakukubali kabisa. Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Nilitamani ardhi ipasuke.

Tukamalizia Chaani, Ijumaa jua likielekea kuzama. Baada ya kusema yetu, msomaji wa pale akatuambia kuna mama mmoja hakuja kusikiliza kwa kuwa ana kazi nyumbani. Mimi nilikuwa nimechoka, nikasema majirani watamweleza. Mzee Yona alikwisha kuanza kutembea.

Alikuwa mjane wa Kirabai, akiitwa Mama Charo kwa jina la mwanawe wa pekee. Tulimkuta na udongo mikononi, anakandika ukuta wa chumba cha mbele. Jamaa zake kutoka Rabai walikuwa wamekwisha kufika, watoto wanakimbizana uani na kuku wamefungwa miguu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa uso wa furaha ambao sijausahau. Mzee Yona akasema yale yale manne.

Yule mama akatazama mikono yake. "Lakini gazeti lilisema Charo yuaja."

"Halikumtaja Charo, mama. Lilisema askari wa Pwani, na hilo nalo tulikosea."

"Basi Charo yu wapi?"

"Sijui."

"Yu hai?"

"Sijui, mama. Ningejua ningekwambia."

"Umetoka Kisauni mpaka hapa, uje uniambie hujui?" Akachota udongo, akaendelea kukandika kwa nguvu. "Mimi kesho naenda Kilindini. Mwanangu akishuka asinione, nitamwambia nini?"

Nilidhani Mzee Yona atabishana naye. Akamjibu, "Basi tutakwenda sote."

Na kweli tulikwenda. Jumamosi, siku yetu ya kupumzika, tukavuka naye daraja la Makupa kwa miguu kuingia kisiwani, tukasimama nje ya lango la bandari. Askari wakaanza kutoka, warefu, wamekonda, wanazungumza Kiganda. Mama Charo aliwauliza mmoja mmoja: "Wamjua Charo wa Rabai?" Wengine hawakumwelewa. Mmoja alisimama, akavua kofia, akasema kwa Kiswahili chake cha jeshini, "Mama, mimi hapana jua yeye. Pole." Alipopita wa mwisho, askari wa zamu akafunga lango. Mama bado alikuwa akilitazama. Hapo nililia, mwanangu, wala sioni aibu kukwambia.

Akamgeukia Mzee Yona. "Kumbe ulisema kweli."

"Laiti ningekuwa nimekosea mara ya pili," akasema Mzee Yona.

Tulimrudisha mpaka mlangoni kwake. Mzee Yona akatangulia kuingia uani, akawaeleza wale jamaa wa Rabai yeye mwenyewe, kosa ni letu sisi wa gazeti, ili yule mama asilazimike kufungua kinywa. Jumatano sahihisho likatoka ukurasa wa kwanza, mahali palepale kosa lilipokaa. Kwa hilo Mzee Yona aligombana na Bwana Mkubwa mpaka sheikh akafunga dirisha wasisikike nje, na Mzee ndiye aliyeshinda.

Ikapita miezi. Ikatangazwa meli nyingine, safari hii gari la serikali lenye bomba la kupazia sauti likapita Chaani kutwa nzima. Nilitumwa huko kupeleka magazeti, nikamkuta Mama Charo amekaa mlangoni, anachambua mchicha kana kwamba gari lile ni inzi. Aliponiona akaniuliza neno moja.

"Mzee wako amesema?"

"Amesema, mama. Aliiuliza Nairobi mara mbili kabla ya kuandika."

Akauweka mchicha chini, akainuka, akaanza kuita jamaa zake. Charo alikuwamo melini.

Basi mwanangu, watu hupenda kusema kufanya kosa si kosa, kosa ni kurudia kosa. Mimi naongeza: kosa kubwa zaidi ni kulisahihisha mahali ambapo uliowakosesha hawapo. Siku hizi habari inaruka kutoka simu hadi simu kabla chai haijapoa, na wa kukosea ni wengi, na wewe utakuwa mmoja wao. Ukikosea, usijifiche nyuma ya aliyekupa habari. Rudi kwa watu walewale, kwa lugha ileile, kwa sauti ileile. Usilolijua, sema hulijui, hata kama umetembea siku nzima kwenda kulisema. Na akiwepo mmoja asiyeweza kukuamini, usimcheke. Mfuate mpaka langoni, usimame naye.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe miguu isiyoiona kuwa mbali nyumba ya mtu wa mwisho, akulinde na uvivu wa wakubwa na woga wa wadogo, na wale watakaokusikiliza wapate kuinuka kwa neno lako bila hofu. Amina.