Kufuli Nje, Mtu Ndani

Sisi wa zamu ya usiku tuna ujinga wetu. Nilikuwa nikirudi asubuhi kutoka kiwandani, mwili umechoka kabisa, na mke wangu akitoka kwenda soko la Kariokor kushona viatu vya ngozi, ananifungia kwa kufuli kutoka nje. Mgeni akiona kufuli habishi hodi, mwizi wa mchana hasukumi mlango, nami nalala. Hapa mtaani Jericho wengi walikuwa wakifanya hivyo, na mimi niliona ni akili nyingi.

Siku hiyo niliamshwa na mlipuko uliotikisa kitanda, kisha nikanusa moshi. Mtungi wa gesi ulikuwa umelipuka kwenye kibanda cha chipsi, kile cha mabati kilichobanwa kwenye ukuta wetu, ambacho tulikuwa tumekilalamikia mpaka tukachoka. Nilikimbilia mlango nikausukuma, haukusonga. Ndipo nilipokumbuka kufuli.

Nje hakuna aliyekuwa akingoja zimamoto. Tumeungua mara nyingi, kwa hiyo kila mtu anajua kazi yake. Kina mama walikuwa wakipokezana ndoo za maji, vijana wakipita mlango kwa mlango kutoa watu. Niliwasikia wakimtoa nyanya wa jirani yangu, analalamika kwamba wamesahau kitambaa chake cha kichwa. Kisha wakafika kwangu.

"Na hapa?"

"Hapo hakuna mtu. Si unaona kufuli? Twende, twende!"

Wakapita. Nimeogopa mambo mengi maishani, lakini sijawahi kuogopa kama nilivyoogopa niliposikia watu wema wakinipita. Nilipiga mayowe, moshi ukaniingia kooni, sauti ikakatika. Mabati yalikuwa yakipasuka kwa kelele. Dirisha letu lina vyuma, tuliviweka wenyewe tukavilipia. Nilichukua sufuria nikaanza kuvigonga, huku nalia, na sioni haya kusema nililia.

Mkabala na mlango wetu kuna mama anayeuza mandazi, mtu wa kutoka magharibi mwa nchi, mwenye sauti inayofika sokoni bila msaada. Yeye ndiye aliyesimama na ndoo yake akasikiliza.

"Nyamazeni! Huyu hufanya kazi usiku! Yuko ndani!"

"Mathe, kuna kufuli!"

"Kufuli imekuambia nini? Vunja!"

Walivunja kwa jiwe. Nilitoka nikiwa na kaptura ya kulalia na sufuria mkononi. Kijana mmoja akaniangalia akasema, "Buda, ungeiva." Watu wakacheka, nami nikainama mtaroni nikatapika.

Moto ulikula paa na nusu ya chumba. Tulipomaliza kuezeka upya kwa mabati ya kuchangiwa, majirani walikubaliana kwamba hakuna tena kumfungia mtu, na anayelala mchana lazima amwambie anayebaki nje. Kwa hiyo kila asubuhi nilikuwa nikisimama mbele ya karai la mandazi, kama mtoto anayeomba ruhusa.

"Mama, naingia kulala."

"Lala, baba. Nitakuangalia."

Wateja wake walinitania sana. Wengine waliniuliza kama ananiimbia pia. Niliwajibu vibaya, kisha nikaingia nikalala.

Juzi mama wa mandazi alisafiri kwao kwa mazishi. Nilirudi kutoka kazini macho yananichoma kwa usingizi, nikamwambia jirani wa kushoto kwamba naingia kulala. Akaitikia vizuri tu. Nikamwambia na wa kulia, naye akaitikia. Nikaingia, nikavua viatu, nikajilaza, mlango ukiwa wazi kabisa. Kila mara nilipofumba macho nilisikia watu wakipita nje, nami nangoja mmoja wao aseme hapa hakuna mtu.

Mwishowe nilitoka nikaketi kwenye benchi la mama wa mandazi. Mke wangu alinikuta hapo jioni, akaniuliza kama nimelala. Nikamwambia ndiyo, kisha nikaenda kazini.